Kabla ya Regyuleta, Mtafute Fundi

Ukimpigia simu ndugu yako aliyeko Dubai au Maskati, umwombe apite dukani akuulizie regyuleta ya kupigia mbizi, atakurudishia picha, bei, na maneno ya muuzaji yanayoelekea upande mmoja: hii ya juu ndiyo salama zaidi. Muuzaji hakudanganyi waziwazi. Anagusa tu hofu ambayo kila anayeanza anayo, maana hakuna kifaa kingine katika shughuli hii ambacho mtu anakiuma kwa meno chini ya maji na kukikabidhi pumzi yake. Ukishaambiwa kwamba nyongeza ya dola mia nne ndiyo uhai wako, utathubutu vipi kubaki na ya bei ya chini?

Mimi nasema nyongeza hiyo hainunui uhai. Kwa anayeanza kupiga mbizi kwenye bahari yetu hii, tangu Watamu mpaka Mafia, aina na bei ni maswali ya baadaye. Kwanza ajue nani ataifungua regyuleta hiyo mwakani, ana vifaa gani mezani kwake, na oringi zake, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, anazitoa wapi. Asiye na jibu avute subira, hela aiweke.

Anayepikia gesi nyumbani anaijua regyuleta: kile kichwa kinachobanwa juu ya mtungi ili gesi iende jikoni kwa upole. Ya mbizi ni ya ukoo huohuo. Mtungi wa hewa uliojaa vizuri una presha ya bar 200, na hakuna pafu la binadamu la kuipokea hewa ya nguvu hiyo. Hatua ya kwanza, ile ya chuma inayofungwa kwenye mtungi, inaishusha hadi bar 9 au 10 hivi juu ya presha ya maji yanayokuzunguka. Hatua ya pili, ile unayoiuma, inamalizia kazi. Unapovuta pumzi, kiwambo cha mpira kinabonyea ndani, kinasukuma mkono mdogo wa chuma, valvu inafunguka, na hewa inakujia kwa presha ileile ya hapo ulipo: kwenye mita 10 ni bar 2, kwenye mita 20 ni bar 3. Ukiacha kuvuta, valvu inajifunga. Humo ndani hamna umeme wala betri. Mna springi, mpira, pistoni au kiwambo, na oringi kadhaa.

Udugu huo na gesi una historia yake. Majira ya baridi ya 1942 kuingia 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani na petroli ikiwa adimu, mhandisi Émile Gagnan wa kampuni ya Air Liquide alikuwa ametengeneza valvu ya kuendeshea magari kwa gesi. Jacques-Yves Cousteau, ofisa wa jeshi la majini, alikuwa akitafuta kifaa cha kumpa mpiga mbizi hewa pale tu anapoivuta. Wawili hawa walikutana kwa kuwa baba mkwe wa Cousteau alikuwa mkubwa katika kampuni hiyohiyo. Mambo ya kujuana hayakuanza leo. Jaribio la kwanza, kwenye Mto Marne karibu na Paris, lilikwenda mrama. Cousteau akisimama wima, hewa inamwagika ovyo; akigeuka kichwa chini, haivutiki. Wakagundua kwamba tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na mahali hewa inapoingilia, kwa hiyo presha ya maji ilitofautiana kati ya sehemu hizo mbili. Wakaziweka pamoja, tabu ikaisha. Kiangazi cha 1943 Cousteau akazama na chombo hicho baharini Bandol, kusini mwa Ufaransa.

Habari hii naitaja ili ijulikane kwamba mambo ya msingi ya kifaa hiki yalikamilika zamani. Mengi yanayotangazwa leo kuwa uvumbuzi ni nafuu ndogondogo juu ya kitu ambacho tayari kilikuwa kinafanya kazi.

Isitoshe, huko Ulaya, chini ya kiwango fulani huruhusiwi hata kuuza. Wana kipimo kiitwacho EN 250. Regyuleta inafungwa kwenye mashine inayopumua badala ya mtu, presha ikiwa ya kina cha mita 50, mashine ikivuta lita 62.5 kwa dakika, na kazi ya kupumua hairuhusiwi kuzidi joule 3 kwa kila lita. Mtu mzima aliyetulia majini anatumia lita 15 mpaka 20 kwa dakika, na cheti cha kozi ya awali kinamfikisha mita 18 tu. Maana yake ni kwamba hata ile ya rafu ya chini, ilimradi imepita kipimo hicho, imejaribiwa kwa mzigo wa mtu aliyeshikwa na hofu kwenye kina asichotakiwa kukifika. Itazame alama hiyo kwenye kifaa chenyewe kabla hujatazama jina la kampuni. Kama haipo, irudishe rafuni hata ukipunguziwa nusu bei.

Sasa tuingie kwenye kinachopandisha bei. Sehemu kubwa ni baridi. Hewa inapotoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo inapoa sana, na kwenye ziwa la Uswisi au machimbo ya Uingereza yaliyojaa maji ya nyuzi 4 au 5, ubaridi huo unaweza kuyagandisha maji yaliyoizunguka hatua ya kwanza. Barafu inaizuia valvu isifunge, hewa inamwagika mpaka mtungi unakauka. Ndiyo maana wenzetu wa huko wanalipia kiwambo kilichofungiwa kisiguswe na maji, mapezi ya chuma ya kupokea joto, na hatua ya pili yenye chuma badala ya plastiki. Wana haki kabisa. Lakini bahari ya Zanzibar mwezi wa Agosti, kusi likivuma na wazungu wakilalamika kwamba maji ni baridi, ina nyuzi 25 hivi. Machi inakaribia 30. Zipo regyuleta zenye alama ya >10°C, yaani hazikujaribiwa kwa maji ya baridi kuliko hapo, na watu wanaziona kama zina kasoro. Kwa mtu wa Nungwi au Diani kasoro hiyo haina madhara yoyote, na bei yake ni nafuu.

Kitu kingine utakachosikia ni usawazisho. Regyuleta isiyosawazishwa inategemea kidogo presha iliyobaki mtungini: hewa ikipungua, kuvuta kunakuwa kuzito kidogo. Iliyosawazishwa inabaki vilevile toka mwanzo hadi mwisho. Watu wengi wanaitaja kana kwamba ni mpaka kati ya uzima na mauti. Ukweli ni kwamba uzito huo unausikia hasa ukiwa chini sana na mtungi umekaribia kwisha, na anayeanza hatakiwi kuwa katika hali hiyo kwa vyovyote, kwa sababu amefundishwa kurudi juu akiwa bado na bar 50. Scubapro MK2 na Cressi AC2 zote ni za pistoni isiyosawazishwa, na ni kazi nzuri. Mwenye uwezo anunue iliyosawazishwa. Nami ningekuwa na uwezo ningefanya hivyo. Asiye nao asijione anaingia majini na kitu cha mkosi.

Hapo kwenye pistoni na kiwambo ndipo hoja yangu inapoanza kuuma. Hatua ya kwanza ya pistoni ina vipande vichache, rahisi kufungua na rahisi kufunga, lakini maji ya chumvi yanaingia kwenye chumba cha springi na kuacha chumvi na mchanga. Ya kiwambo inayazuia maji yasifike ndani, ila ina vipande vingi zaidi na inahitaji mkono uliofunzwa. Vitabu vya wauzaji vinasema ya kiwambo ni bora kwa maji machafu. Sawa. Lakini ukiwa nayo Pemba na anayeweza kuifungua yuko ng'ambo ya bahari, ubora huo ni wa kwenye karatasi. Ya pistoni inayofunguliwa na fundi wa jirani inaishinda kila mwaka.

Nyuma ya kituo kimoja huko Nungwi kuna chumba kidogo chenye meza ya mbao, feni, na taa ya kuinamisha. Nilimkuta fundi ameweka taulo jeupe mezani ili kipande kidogo kikianguka kisijiviringishe mpaka mchangani. Alikuwa na hatua ya kwanza ya mteja mmoja, haijamaliza mwaka tangu inunuliwe. Kwa koleo jembamba akatoa ringi ya chuma kwenye mdomo unaopokelea hewa, na nyuma yake kikatoka kichujio, kidude cha umbo la pia kisichozidi ncha ya kidole cha mwisho. Kilitakiwa king'ae. Kilikuwa kijani kibichi kama shaba ya zamani.

“Tizama hii, kaka,” akaniambia. “Kaiosha mdomo wazi.”

Alimaanisha kwamba mwenyewe aliichovya kwenye pipa la maji bila kukaza kifuniko, maji yakaingia pale ambapo hewa kavu tu ndiyo hupita. Kichujio hicho ni shahidi mzuri. Kikiwa cha kijani, maji yameingia na shaba imeanza kushika kutu. Kikiwa chekundu au cha kahawia, kutu imetoka kwenye mtungi wa chuma. Kikiwa cheusi, tatizo liko kwenye kompresa inayojaza mitungi, na hapo si regyuleta yako peke yake iliyo mashakani, ni mapafu ya wateja wote wa kituo. Ningekuwa mkaguzi wa utalii, ningeanza na vichujio kabla ya kuomba kuonyeshwa leseni ukutani.

Alipomaliza kuifunga akaiunganisha na mtungi, akachomeka geji ndogo kwenye mpira wa kujazia jaketi la kuelea, akafungua valvu. Sindano ikapanda, ikasimama. Akabonyeza kitufe cha hatua ya pili mara kadhaa, sindano ikashuka na kurudi palepale. Tukaiangalia bila kusema neno. Ingeendelea kupanda polepole baada ya kusimama, ingekuwa ni dalili kwamba valvu ya ndani haikai vizuri kwenye kiti chake, na presha inayovuja hapo hatimaye itaifungua hatua ya pili yenyewe. Jaribio zima linachukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa, na geji hiyo si ghali. Nashangaa kwamba tunauziwa regyuleta bila hata mtu mmoja kutuonyesha.

Watengenezaji wengi wanataka kifaa kifunguliwe kila mwaka au kila baada ya mizamio 100, kinachotangulia. Baadhi wamesogeza hadi miaka miwili, huku katikati kikikaguliwa tu. Oringi zinabadilishwa, viti vya valvu vinabadilishwa, chuma kinasafishwa, na vyote vinatoka kwenye pakiti maalumu ya kampuni husika kwa modeli husika. Oringi ya duka la vipuri vya pikipiki inaweza kuingia bila shida na ikakaa hapo, lakini si ya kazi hiyo. Basi ukimwendea fundi usimuulize tu kama anaweza kufungua regyuleta. Muulize ni za kampuni gani amesomea, na pakiti zake anazo au anaagiza, na zikiagizwa zinachukua muda gani kufika. Kama kituo unachozamia kinatumia Mares, basi fundi wake anaijua Mares, pakiti zake zipo kabatini, na regyuleta yako ya kwanza iwe Mares. Kama ni Scubapro, Cressi, Aqualung au Apeks, hali ni hiyohiyo. Sina kampuni ninayoitetea hapa. Kufuata kinachotumika kwenye ufuo wako ni busara tupu, hata kama kijana wa intaneti aliyeko Florida ana maoni mengine.

Na dhamana nayo ina masharti yake. Kampuni nyingi zinaiheshimu ikiwa umenunua kwa wakala wao na una kumbukumbu za kila ulipoipeleka kwa fundi. Kilichonunuliwa mtandaoni kwa bei ya kutupa, kikasafiri kwenye sanduku la mjomba, mara nyingi kinafika kikiwa yatima.

Adui wa kifaa hiki hapa kwetu ni chumvi, mchanga na uvivu. Wakati wa bamvua maji yakitoka, boti inatia nanga mbali, na watu wanabeba vifaa begani kuvuka mchanga na majani ya bahari mpaka kuifikia. Hatua ya pili inaburuzika, inachota mchanga, inasuuzwa kwenye dimbwi la maji ya bahari, kisha inaumwa. Jioni inatundikwa kwa mipira yake juani. Baada ya msimu mmoja mipira imepasuka penye shingo. Anayeanza akikumbuka mambo machache tu, fundi wake atamshukuru: kifuniko kikaushwe na kukazwa kabla ya maji, kifaa kiloweshwe kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, siyo kumwagiwa tu, kitufe cha mbele kisibonyezwe kikiwa majini bila presha, maana ukibonyeza umeufungua mlango wa maji mwenyewe. Kihifadhiwe kikiwa kikavu, mipira imekunjwa kwa duara kubwa, na mdomo umefunikwa. Mende na sisimizi wanapenda sana kile chumba cha hatua ya pili, na kukutana nao kwenye mita 12 hakufurahishi.

Kuhusu kiunganishi, watu wanagombana bure. Kuna klampu, inayoikumbatia valvu ya mtungi na kukazwa kwa skrubu nyuma, na kuna DIN, inayojisokota ndani ya valvu yenyewe. DIN ni imara zaidi. Oringi yake iko kwenye regyuleta na imefungiwa ndani, na inavumilia presha kubwa kuliko bar 232 ambayo ndiyo mwisho wa klampu. Wapiga mbizi wa Ulaya wengi wako huko. Kwenye pwani yetu utakutana zaidi na mitungi ya alumini iliyowekwa kwa ajili ya klampu, na hata ile ambayo valvu yake ina kipande cha kati cha kufunguliwa, nani atakutafutia ufunguo boti ikiwa inayumba na wenzako wamekwisha kuvaa? Atakayezamia hapa anunue klampu. Mwenye safari za Ulaya achukue DIN na adapta, akijua kwamba adapta ni oringi moja zaidi ya kuvuja.

Oktopasi, ile hatua ya pili ya akiba yenye rangi ya njano, ndiko watu wanakobania pesa. Wanasema ni ya dharura tu, iwe yoyote. Fikiri kidogo nani ataivuta: mwenzako aliyeishiwa hewa, macho yamemtoka, anapumua mara tatu ya kawaida. Huyo ndiye unayempa kilicho duni? Toleo la EN 250 la mwaka 2014 liliweka herufi A kwa zile zilizothibitishwa kufaa kutumiwa na wawili kwa pamoja. Itafute. Geji ya presha chukua ya sindano, ya kawaida, yenye namba kubwa. Kabla ya kuruka majini vuta pumzi kadhaa kwenye regyuleta huku ukiitazama: sindano ikitetemeka au ikishuka kila unapovuta, valvu ya mtungi haijafunguliwa vya kutosha. Hili halihusiani na bei kabisa, na limewaokoa wengi.

Mdomo nao usiupuuze. Baada ya dakika arobaini taya linauma, na chanzo mara nyingi ni ule mpira wa kuumwa kuwa mkubwa au hatua ya pili kuwa nzito. Wanawake na vijana wenye taya dogo wanateseka kimya wakidhani ndivyo mbizi zilivyo. Mipira midogo ipo, na fundi anaibadilisha kwa kukata kamba ya plastiki na kufunga nyingine.

Je, iliyokwisha kutumika? Walimu wa kigeni wakimaliza mkataba huuza vifaa kabla ya kupanda ndege, na bei zinavutia. Rahisi ghali. Kunja kila mpira penye shingo uone kama una nyufa. Tazama kichujio. Uliza modeli hiyo bado inatengenezewa pakiti za vipuri, maana zipo nzuri za zamani ambazo hakuna tena anayeuza oringi zake. Kisha jumlisha gharama ya fundi kwenye bei, kwa sababu utaipeleka kwake kabla ya kuizamia, haijalishi muuzaji ameapa kwa nani. Ukimaliza hesabu, mara nyingi utakuta seti mpya ya kuanzia, ambayo kwa kawaida huanzia kama dola 300 hivi, haikuwa mbali.

Wapo pia wasiotakiwa kununua kabisa kwa sasa. Mtu wa Dar es Salaam au Nairobi anayeshuka pwani wakati wa sikukuu, akazama mara kadhaa kwa mwaka, anapewa vifaa ndani ya bei ya mzamio. Regyuleta yake itakaa kabatini miezi kumi na moja, na mpira usiotumika nao unazeeka. Huyo hela yake ya kwanza iende kwenye miwani ya mbizi inayokaa vizuri usoni mwake, kwa sababu miwani ya kukodi inayovuja huwafukuza wengi wanaoanza. Ya pili iende kwenye kompyuta ya mbizi. Ya kukodi inabaki na kumbukumbu za mwili wa mtu mwingine, na wewe unataka kumbukumbu za mwili wako.

Anayetakiwa kuwa na yake mapema ni kijana wa hapa anayesomea udaivimasta, yaani kazi ya kuwaongoza wapiga mbizi. Huyu anazama kila siku ya kazi, mara mbili, huku akiwatazama wageni wanne. Asubuhi anachukua regyuleta yoyote iliyobaki kwenye mbao baada ya wageni kupewa nzuri. Kesho anachukua nyingine. Haijui inavuta vipi, hajui ilifunguliwa lini, na hana wa kumlaumu ikimsumbua. Mkufunzi wa kigeni anayefanya naye kazi ana yake tangu siku ya kwanza, kwenye mfuko wenye jina lake. Tofauti hiyo wageni wanaiona, hata kama hawaisemi, na wenye vituo wanaiona wakati wa kupanga nani apewe kundi gani. Kijana akiwa na seti moja ya wastani, anayoijua sauti yake, anaingia majini akiwa na wasiwasi mmoja pungufu. Vituo vinaweza kumkopesha na kumkata kidogokidogo kwenye mshahara, na vitakuwa vimejipunguzia mzigo wa vifaa vyao wenyewe.

Lakini hata yeye atarudi kwenye lile swali la fundi. Watengenezaji wakubwa huendesha kozi za ufundi, za siku chache tu, kwa watu wa maduka na vituo vinavyouza bidhaa zao. Wenye vituo wa Nungwi, Kendwa, Diani, Watamu na Mafia, wapelekeni vijana wenu, na mwenye cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi kutoka chuo cha VETA apewe nafasi ya mbele, maana presha, geji, oringi na uvujaji ni mambo aliyoyazoea kabla hajaiona bahari. Na wewe unayeanza, kabla ya kulipa hata senti, nenda kwenye kituo ulikojifunzia, uliza nani anazifungua regyuleta zao, kisha omba uione meza yake. Wakikwambia zinapelekwa “mahali fulani”, endelea kukodi, na ukodi kwingine.